Nafasi ni ya nani? Sanaa na makumbusho ya Singapore

Singapore ni kisiwa kisichofikia nusu ya Unguja kwa ukubwa, na kina watu wapatao milioni 6. Humo mna Makumbusho ya Taifa ndani ya jengo lililofunguliwa 1887, jumba la taifa la michoro lililochukua mahakama kuu ya zamani, makumbusho ya sanaa ya kisasa yaliyohamia ghala la bandarini, makumbusho ya ustaarabu wa Asia, karakana ya chapa na karatasi inayovuta wasanii wa nchi nyingi, na wiki nzima ya sanaa kila Januari. Serikali hulipia sehemu kubwa ya haya yote, na hailipi kwa mkono mfupi.

Lakini fuatilia historia ya wasanii wenyewe na utaona watu wanaohamahama. Kikundi kinahama shamba, kingine kinafungiwa ukumbi, majumba ya kuuza picha yanafunguliwa kwa sherehe na miaka mitatu baadaye kadhaa hayapo. Mgeni hupata shida kuunganisha picha hizi mbili, na maelezo mengi humpa jibu jepesi: ama mji huu ni pepo ya sanaa kwa sababu ya majengo yake, ama ni jela kwa sababu ya sheria zake.

Ufunguo uko katika neno letu nafasi, kwa maana zake zote: chumba na ukuta, ruhusa, na wasaa wa kufanya jambo bila kuharakishwa. Singapore vipaji vipo na fedha zipo. Kilicho haba ni nafasi, na karibu yote imo mikononi mwa mmoja, yaani serikali.

Kutoka Bali hadi banda la kuku

Mafunzo rasmi ya uchoraji yalianza kabla ya dola yenyewe kuwapo. Chuo cha Nanyang Academy of Fine Arts kilianzishwa 1938 na Lim Hak Tai, mwalimu aliyetoka kusini mwa China. Nanyang kwa Kichina ni "Bahari ya Kusini", yaani nchi hizi za kusini-mashariki mwa Asia zilivyotazamwa kutoka China. Mwaka 1952 wachoraji wanne, Liu Kang, Chen Chong Swee, Chen Wen Hsi na Cheong Soo Pieng, walisafiri hadi Bali na wakarudi na michoro iliyobadili mambo. Walijua wino na brashi ya Kichina, na walijua pia rangi ya mafuta kwa mtindo wa Paris, lakini walikuwa wakitafuta la kuchora lililo la huku waliko. Cheong Soo Pieng aliwachora wanawake wa visiwani wenye mikono na shingo ndefu, mara nyingi katika umbo jembamba la kusimama, kama picha za Kichina zinazokunjwa na kutundikwa ukutani. Mtindo wake unatambulika ukiwa mbali.

Wakati huohuo walikuwapo wachoraji wa mrengo mwingine, waliokusanyika katika Equator Art Society kuanzia 1956. Hao walichora wafanyakazi, vibarua na migomo. Makumbusho yaliyowaeleza wachoraji wa Bali tu kwa miaka mingi yaliacha nusu ya habari.

Singapore ikawa nchi huru 9 Agosti 1965. Mwaka uliofuata sheria ya utwaaji ardhi iliipa serikali uwezo mkubwa wa kuchukua viwanja kwa ajili ya nyumba, viwanda na barabara. Leo karibu watu 8 katika kila 10 wanaishi katika maghorofa yaliyojengwa na shirika la umma. Kwa familia huo ni msaada mkubwa. Kwa msanii ni hesabu ngumu: nyumba ya kawaida ya vyumba vinne ina mita za mraba kama 90 pamoja na jiko, huwezi kuchomelea chuma sebuleni, harufu ya tapentaini inaingia kwa jirani, na kanvasi ya mita 3 haiingii kwenye lifti. Ndiyo maana wachoraji wengi wa huko hufanya kazi kubwa kwa vipande, paneli mbili au tatu zinazounganishwa ukutani. Mtazamaji hudhani ni falsafa, kumbe mara nyingine ni kipimo cha mlango.

Mwaka 1988 Tang Da Wu, aliyekuwa amerejea kutoka Uingereza, alianzisha The Artists Village katika shamba la kuku huko Ulu Sembawang, kaskazini mwa kisiwa. Mabanda yalikuwa makubwa na uwanja ulikuwa wazi, wasanii wakachora, wakachonga, wakafanya maonyesho ya mwili hadharani, msanii mwenyewe akiwa ndiye kazi, na hakuna jirani aliyelalamika. Miaka miwili baadaye ardhi ikatakiwa na serikali na kijiji kikavunjwa. Kikundi kiliendelea bila makao, na walimu wengi wa sanaa wa leo walipita pale. Kwa uzito wake katika historia, yale mabanda hayapungui kwa jengo lolote la marumaru mjini.

Mwaka 1990 mwandishi wa tamthilia Kuo Pao Kun alifungua The Substation katika kituo cha umeme kilichoachwa, mtaa wa Armenian. Kulikuwa na ukumbi mdogo wa michezo, chumba cha maonyesho na bustani ambamo bendi za muziki zilipiga. Kituo hicho kilidumu hapo miaka 30. Jengo lilipohitaji ukarabati, mamlaka ya sanaa iliamua kwamba baada ya hapo litatumiwa na vikundi kadhaa, na Substation ingerudi kama mpangaji mmojawapo. Kikaondoka 2021. Uamuzi wa namna hii una mantiki yake, maana chumba kimoja kikihudumia vikundi vitano ruzuku inafika mbali zaidi. Kinachopotea ni mtu mmoja mwenye funguo anayeweza kusema "ingieni, jaribuni" usiku wa manane bila kuuliza mtu. Kitu hicho hakina mstari kwenye bajeti, kwa hiyo hakuna anayekihesabu kinapotoweka.

Serikali haikuwa imekaa kimya. Tangu 1985 kulikuwa na mpango wa makazi ya sanaa: majengo ya zamani, hasa shule zilizofungwa na maduka ya kale yenye makazi juu, yalitolewa kwa vikundi ambavyo vililipa asilimia 10 tu ya kodi ya pango, asilimia 90 ikalipwa na umma. Baadaye vikaja vituo kama Goodman, 2011, na Aliwal, 2013. Mpango mzuri, ila una kasoro moja iliyo ndani ya muundo wake. Mikataba ni ya miaka michache na husainiwa upya kwa kuangalia matokeo. Msanii anayehitaji miaka sita kukamilisha kazi moja hujikuta akiigawa kazi hiyo katika vipande vinavyoweza kuonyeshwa na kuhesabiwa kabla ya mkataba kwisha.

Somo lililo wazi kuliko yote ni Gillman Barracks. Hii ilikuwa kambi ya jeshi la Uingereza iliyojengwa 1936, yenye mabaraza mapana na miti mikubwa. Mwaka 2012 ikafunguliwa upya kama kijiji cha majumba ya kuuza sanaa, na majumba 13 kutoka nchi mbalimbali yakaja. Kufikia 2015 kadhaa yalikuwa yamefunga au yameamua kuondoka. Tatizo lilikuwa miguu ya watu. Kambi za jeshi hujengwa mbali na njia za raia, na mabanda yake hutawanywa makusudi. Mtu anayepanda kilima kwa jua la saa saba mchana, nyuzi 32, kutoka nyumba ya kwanza hadi ya pili, akifika ya tatu ameshachoka. Picha huuzwa kwa mtu aliyepita mara nne, na pale hapakuwa na wapita njia.

Kuibadili mahakama kuwa jumba la picha

National Gallery Singapore lilifunguliwa 24 Novemba 2015. Ni majengo mawili yaliyounganishwa: City Hall ya 1929, ambamo Wajapani walitia sahihi ya kusalimu amri 12 Septemba 1945, na Mahakama Kuu ya 1939. Kwa pamoja yana mita za mraba 64,000 hivi, sawa na viwanja tisa vya mpira, na mradi uligharimu dola za Singapore milioni 532. Usanifu ulifanywa na studioMilou, ofisi ya Mfaransa Jean François Milou.

Mahakama ni jengo baya sana kwa picha. Vyumba vina mbao ukutani mpaka juu, madirisha yanaingiza jua, milango ni ya watu na si ya makasha, na hakuna mahali pa kupitisha mabomba ya hewa. Kuta nazo haziwezi kubomolewa kwa sababu majengo yote mawili yanalindwa kisheria. Njia iliyotumika ilikuwa kuyaacha yasimame na kuweka kazi nzito pale pasipo na historia: chini na katikati. Ukumbi mpana ukachimbwa chini ya ardhi, na uchochoro uliokuwa kati ya majengo ukafunikwa kwa paa la kioo lenye pazia la vipande vya chuma chepesi vilivyotobolewa, vinavyochuja mwanga kama ukili wa jamvi. Paa hilo linabebwa na nguzo zenye matawi kama mti. Baadhi ya vyumba vya mahabusu vimeachwa, pamoja na choo chake, na mgeni anaweza kuingia. Chini ya jiwe la msingi la mahakama kuna kasha lililozikwa 1937, lenye magazeti na sarafu, na maagizo kwamba lisifunguliwe mpaka mwaka 3000.

Mwanga ndani hupimwa kwa luksi. Mchoro wa rangi ya mafuta huvumilia luksi 150 hadi 200. Karatasi, wino na kitambaa hupewa 50 tu, ndiyo maana vyumba vya wino wa Kichina vina giza hata macho yahitaji dakika moja kuzoea. Hata kwa luksi 50 karatasi haiwezi kukaa ukutani moja kwa moja. Huonyeshwa kwa miezi kadhaa kisha hulazwa gizani muda mrefu. Mgeni akirudi baada ya mwaka na kukuta picha aliyoipenda haipo, aelewe imelazwa ipumzike.

Unyevu, adui asiyeonekana

Wakazi wa Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam wataielewa sehemu hii haraka. Unyevu wa hewa wa Singapore ni wastani wa zaidi ya asilimia 80, na baada ya mvua hukaribia 100. Ukungu huanza kumea kwenye karatasi na nyuma ya kanvasi ukipita asilimia 65 hadi 70. Kwa hiyo makumbusho ya huko hulenga kama nyuzi 22 hadi 24 na unyevu wa asilimia 50 hadi 60, usiku na mchana, sikukuu na siku za kazi.

Wengi hudhani kiyoyozi kinatosha. Hakitoshi, na hapa ndipo michoro mingi ya watu binafsi huharibikia. Hewa ikipozwa tu bila kutolewa maji, unyevu wake wa kulinganisha hupanda, kwa sababu hewa baridi hubeba maji kidogo kuliko hewa ya joto. Mitambo ya makumbusho kwanza huipoza hewa sana, hadi nyuzi 12 au 14 hivi, ili maji yatone kama jasho kwenye mabomba na kukusanywa, halafu huipasha moto tena mpaka ifike nyuzi zinazotakiwa. Unalipa umeme mara mbili, kupoza na kupasha. Gharama hii haina mwisho, na ndiyo inayoua makumbusho madogo ya nchi za joto hata yanapokuwa na jengo zuri la msaada.

Adui mkubwa zaidi ya unyevu wenyewe ni kupanda na kushuka kwake. Kanvasi ina tabaka: kitambaa, gundi, rangi ya msingi, rangi ya mafuta, vanishi. Kila tabaka hunywa maji na kutanuka kwa kiasi chake. Ofisi inayowasha kiyoyozi saa mbili asubuhi na kuzima saa kumi na moja jioni huinyoosha na kuilegeza picha kila siku ya kazi, na baada ya miaka michache rangi huanza kupasuka, nyufa ndogo kwanza kwenye pembe, karibu na fremu. Ni afadhali chumba chenye madirisha wazi na upepo wa siku zote kuliko chumba kinachopozwa mchana na kuachwa kifukute usiku.

Kazi inapofika kutoka nje, kasha halifunguliwi papo hapo. Huachwa ndani ya chumba chenye hali ya makumbusho kwa saa 24 angalau, ili mbao, sponji na kazi yenyewe zifikie joto moja. Ukifungua kasha lililotoka kwenye ndege baridi katikati ya hewa ya nyuzi 31, umande hutua juu ya rangi kama unavyotua kwenye chupa ya soda. Baada ya hapo mtaalamu hupiga picha pande zote, huandika kila mkwaruzo, na kulinganisha na ripoti iliyoandikwa ilikotoka. Kazi ya mbao au ya nyuzi hupelekwa karantini. Bungua na mchwa huuliwa bila dawa kali kwa kufunga kitu ndani ya mfuko na kuondoa oksijeni mpaka ibaki chini ya asilimia 0.5 kwa wiki tatu au nne, au kwa kukigandisha chini ya nyuzi -20 kwa wiki moja au mbili. Mbao iliyopakwa rangi haigandishwi ovyo, maana rangi hubanduka. Hifadhi ya mkusanyo wa taifa, wenye vitu zaidi ya 200,000, iko katika kituo maalumu kilichofunguliwa 2000 upande wa magharibi wa kisiwa, mbali na watalii.

Kwa wenye michoro ya Tingatinga nyumbani pwani: ile iliyochorwa kwenye hadibodi hupinda kwa sababu mbele imefunikwa na rangi ya mafuta na nyuma iko wazi, hivyo unyevu huingia upande mmoja. Paka nyuma rangi au vanishi tabaka moja, usiitundike kwenye ukuta unaopigwa na mvua, na weka vipande vidogo vya koki, ile ya vizibo vya chupa, nyuma ya fremu ili hewa ipite, sentimita 2 hivi. Ni kanuni ileile inayotumika kwenye jumba la milioni 532.

Karatasi nayo ina tabu zake. STPI, karakana iliyofunguliwa 2002 kando ya mto Singapore katika ghala la karne ya 19, ilianzishwa kwa mitambo na ujuzi wa mchapaji wa Marekani Kenneth Tyler, na ina kinu chake cha karatasi. Nyuzi za pamba hupondwa ndani ya maji mpaka ziwe kama uji mwepesi. Mfanyakazi huzamisha fremu yenye wavu, huinua, hutikisa mara moja mbele na mara moja kando ili nyuzi zipishane, kisha hulaza tabaka hilo juu ya kitambaa cha sufu. Akitikisa kwa kuchelewa, nyuzi zimeshatulia na karatasi hutoka na madoa mazito na mepesi. Rundo hukamuliwa kwa shinikizo, halafu hukaushwa taratibu. Wakati wa kuchapa picha ya rangi nyingi, kila rangi hupita kivyake, na karatasi iliyovuta unyevu kati ya rangi ya kwanza na ya pili hutanuka milimita moja au mbili. Hapo mdomo uliochapwa mwekundu hautui tena juu ya mdomo, na karatasi hiyo hutupwa.

Ruhusa

Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1994, katika mkusanyiko wa wasanii ndani ya jengo la maduka, msanii Josef Ng alifanya onyesho la kupinga hukumu za wanaume 12 waliokamatwa kwa mtego wa polisi. Mwishoni aliwapa watazamaji mgongo na kukata nywele zake za siri. Gazeti likachapisha picha, akashtakiwa na kutozwa faini ya dola 1,000, na mamlaka ya sanaa ikasitisha ruzuku kwa maonyesho ya mwili yasiyo na maandishi ya kukaguliwa. Zuio hilo lilidumu takriban miaka 10. Kizazi kizima kilijifunza sanaa ya aina hiyo kwa kusimuliwa.

Watu wa nje hutafuta neno "marufuku" na wasilione, kwa sababu mfumo wa leo haufanyi kazi hivyo mara nyingi. Unafanya kazi kwa leseni, daraja la umri, ruzuku na mkataba wa chumba. Onyesho la hadhara linahitaji kibali. Linaweza kupewa daraja la kila mtu, au la wenye miaka 16, au 18 kwenda juu. Daraja la juu linapunguza wanafunzi, na shule zikipungua hesabu ya kikundi inaharibika. Mwaka 2015 riwaya ya picha ya Sonny Liew ilinyang'anywa ruzuku ya dola 8,000; kitabu hakikupigwa marufuku, kiliuzwa kwa wingi, na 2017 kikashinda tuzo tatu za Eisner, tuzo za vitabu vya katuni huko Marekani. Mwaka 2014 serikali ilipendekeza vikundi vyenyewe vipange madaraja ya maonyesho yao. Ilionekana kama uhuru, lakini wasanii walikataa: waliona watageuzwa wakaguzi wa nafsi zao, na kosa likitokea wao ndio wanaobeba adhabu. Pendekezo likaondolewa.

Ukuta wa nje una sheria kali zaidi. Sheria ya uharibifu ya 1966 inaruhusu viboko. Mwaka 2013 Samantha Lo, aliyekuwa akibandika stika na kupulizia maneno barabarani, alihukumiwa saa 240 za kazi za jamii. Huku Yip Yew Chong, aliyekuwa mhasibu, amechora tangu 2015 kuta ndefu zenye vinyozi, wauza chai na mafundi wa zamani, na watu hupanga foleni kupiga picha mbele yake. Tofauti yao kubwa ni karatasi ya ruhusa kutoka kwa mwenye nyumba na wapanga miji. Lakini pia ni kweli kwamba kumbukumbu tamu ya zamani hupata ruhusa kirahisi kuliko swali kuhusu leo, na kuta za mji zinaonyesha hivyo.

Soko na bandari huru

Jumba la kuuza picha kwa kawaida huchukua nusu ya bei. Kazi ikiingizwa Singapore kutoka nje hutozwa kodi ya bidhaa na huduma, iliyopanda hadi asilimia 9 mwaka 2024: kazi ya dola 100,000 inalipiwa 9,000. Isipokuwa ikikaa katika bandari huru. Ghala la namna hiyo lilifunguliwa 2010 kando ya uwanja wa ndege wa Changi, na kazi iliyomo humo inaweza kubadilisha mmiliki bila kodi hiyo kulipwa, mradi haijatoka nje ya uzio. Ahadi ilikuwa kwamba ghala litavuta wakusanyaji na soko litawafuata. Ghala liliuzwa 2022 kwa dola milioni 40, chini sana ya gharama ya kulijenga. Picha iliyofungiwa kwenye kasha haimfundishi mtu, haiuzi kahawa, haimpi kazi mtengeneza fremu.

Maonyesho ya biashara nayo yameyumba. Art Stage ilianza 2011 na ikafutwa Januari 2019 siku tisa kabla ya kufunguliwa, makasha ya washiriki yakiwa njiani au yameshafika. ART SG ikaanza 2023. Anayepanga kushiriki soko lolote la namna hii asome kifungu cha kurejeshewa fedha kabla ya kulipia usafiri.

Chombo cha kushonwa

Msomaji wa pwani yetu akipata siku moja tu, aanzie Asian Civilisations Museum, mdomoni mwa mto. Mwaka 1998 wavuvi wa majongoo bahari karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, walikuta vyombo vya udongo chini ya maji. Ilikuwa meli ya karne ya 9 iliyobeba vyombo zaidi ya 60,000 kutoka China. Bakuli moja lina tarehe ya mwaka 826. Mabakuli ya Changsha, mji wa China, yalikuwa yamepangwa kwa mzunguko ndani ya mitungi mikubwa, na hivyo ndivyo yalivyosalimika. Vyombo vilivyokaa baharini miaka elfu huloweshwa kwanza kwenye maji yasiyo na chumvi yanayobadilishwa tena na tena; vikikaushwa haraka, chumvi huganda chini ya mng'ao na kuubandua.

Meli yenyewe haikuwa na msumari. Mbao zilitobolewa na kushonwa kwa kamba, namna ileile ya mtepe wa Lamu. Uchunguzi ulitambua mbao za jamii ya mkongo kutoka Afrika, mti ambao ndugu yake Wakenya wa pwani humwita mbambakofi na kumchonga milango. Oman iliunda chombo cha mita 18 kwa mfano huo, kikasafiri kwa tanga kutoka Muscat na kufika Singapore Julai 2010, kikatolewa zawadi.

Kuna ugomvi pia juu ya shehena hii. Ilizolewa na kampuni binafsi yenye kibali cha Indonesia, kwa haraka, na wanaakiolojia wengi walisema uzoaji wa kibiashara hupoteza habari ambazo haziwezi kupatikana tena. Mwaka 2011 taasisi ya Smithsonian ya Marekani iliacha mpango wa kuionyesha kwa sababu hiyo. Singapore ilinunua sehemu yake kubwa kwa pamoja, isitawanyike minadani. Hoja zote mbili zina nguvu, na mtu akisimama mbele ya mabakuli ni haki yake kuzijua.

Kutoka hapo National Gallery ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Singapore Art Museum iko Tanjong Pagar Distripark tangu 2022, katika ghala lenye dari ndefu na sakafu ya kubeba mizigo, makontena yakionekana nje. Haina maonyesho ya kudumu ya kutegemea, kwa hiyo angalia ratiba kwanza. Raia na wakazi wa kudumu huingia bure katika makumbusho ya taifa tangu 2013, mgeni hulipa.

Ndani ya National Gallery tafuta mchoro wa Chua Mia Tee wa 1959, mwaka Singapore ilipopata serikali yake ya ndani. Ni darasa la lugha ya taifa: vijana wa asili ya Kichina wamezunguka meza ya duara wakijifunza Kimalay kwa mwalimu Mmalay. Nyuma yao kuna ubao mweusi wenye maswali mawili kwa chaki. La kwanza ni "Siapa nama kamu?", jina lako nani, na jumba lililichukua kuwa jina la maonyesho yake ya sanaa ya Singapore. La pili, chini yake, linauliza: unakaa wapi?